Mguu wa Kaka

Viti tulivyokalia siku ya kumzika mdogo wetu vilikuwa viti vyetu wenyewe. Nyuma ya kila kimoja kuna nukta nyekundu. Alizipiga yeye mwaka aliomaliza shule, ili viti vyetu visipotelee kwa watu. Majirani walikuwa wameviokota mtaroni, wakavisuuza matope, wakavipanga uani bila kuambiwa na mtu. Kilichonifikia mimi kilikuwa na ufa kwenye mguu mmoja wa nyuma. Nilikaa mbele mbele, nikiogopa kuegemea, na mpaka leo mtu akinitajia siku ile, kitu cha kwanza kunijia ni mgongo kuuma.

Naandika ili nisisahau. Watu husema mambo kama haya hayasahauliki, lakini mimi naona yanasahaulika vizuri tu. Yale makubwa hubaki, madogo huyeyuka. Na kwetu sisi lililotuangusha lilikuwa dogo.

Kazi ya nyumbani kwetu ni kukodisha viti na maturubai. Baba ndiye aliyeianza, na magoti yalipoanza kumsumbua akatugawia: Kaka akachukua gari, mimi nikachukua stoo na simu. Mdogo wetu, kitindamimba, hakuitaka.

"Watu wakifurahi nibebe viti, watu wakilia nibebe viti," alisema. "Sasa mimi mwenyewe nitakaa lini?"

Akaenda kuajiriwa kuendesha basi la shule. Lakini Jumamosi alikuja kutusaidia. Akija alilalamika, na akilalamika tulicheka, na tukishacheka alikuwa ameshapakia nusu ya mzigo.

Mtaani walimwita Vioo. Hakuwasha gari kabla ya kugusa vioo vyote, hata kama alikuwa ameshuka dakika hiyo hiyo kununua vocha. Alizunguka basi lake kila asubuhi, akainama kuangalia chini kama kuna tone la mafuta, akapiga matairi teke, ndipo akafungua mlango kwa watoto. Watoto wenyewe walikuwa wakimwigiza: mmoja anakaa mbele, anashika hewa kulia kama kioo, anashika hewa kushoto kama kioo, wenzake wanaanguka kwa kicheko.

Kaka naye hakumwacha.

"Wewe huendeshi gari," alimwambia. "Wewe unalinyoa ndevu."

"Afadhali ninyoe kuliko ninyolewe, Kaka."

Si kwamba Kaka hakuwa dereva. Kaka alikuwa dereva ambaye wenzake walimpisha kiti kijiweni. Ameendesha pikapu ile ya Baba tangu ikiwa na rangi yake ya kwanza, na hajawahi kumgusa hata kuku. Gari likazeeka mikononi mwake, naye akazeeka nalo, kila mmoja akizoea maumivu ya mwenzake. Madereva walisema lile gari linamtii yeye tu, na yeye alipenda kulisikia hilo.

Fundi wa gereji ya kona alikuwa akimkumbusha kila akipita.

"Mkubwa, breki zako zimeingia upepo. Niachie gari siku moja nizitoe upepo, nikuangalizie na viatu vya breki."

"Siku moja ipi? Jumamosi harusi, Jumapili msiba, Jumatatu nafuata viti."

"Basi niachie Jumanne."

"Jumanne na mimi nalala."

Wanacheka, Kaka anapandisha gia, anaondoka. Na gari lilikuwa linasimama. Hilo ndilo lililotudanganya wote. Lilisimama getini kwetu, lilisimama kwenye taa, lilisimama mbele ya mbuzi. Mimi nilikaa kiti cha pembeni miaka yote hiyo, na sijawahi kushika dashibodi kwa hofu hata siku moja.

Jumamosi ile Kaka aliamka na homa. Macho yalikuwa mekundu, meno yanagongana chini ya blanketi, na kulikuwa na harusi iliyokuwa inasubiri viti. Alitaka kuamka hivyo hivyo. Mdogo wetu akamkuta anatafuta viatu.

"Rudi kitandani, Kaka. Unataka kuwapelekea viti au maradhi?"

"Hulijui gari lile wewe."

"Nifundishe, nilijue."

Kaka akalala chali, akafumba macho, akaanza kumsomea tabia za gari kama mtu anayemwachia yaya mtoto msumbufu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mlango wa dereva usiuvute, unyanyue kwanza, ndio uvute."

"Ninyanyue, nivute."

"Geji ya mafuta ni mwongo. Inasema nusu tangi hata likiwa tupu. Chungulia mwenyewe."

"Nimeelewa."

"Gia ya tatu ibembeleze. Ukiilazimisha itakuaibisha mbele za watu. Na dirisha la abiria usiliguse, likishuka halipandi."

"Kaka, gari hili lina masharti kuliko mganga. Na redio?"

"Redio ndiyo nzima."

Tukacheka sote watatu. Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mdogo wetu akachukua funguo juu ya meza, akamrekebishia blanketi miguuni, akatoka. Nimeyarudia mazungumzo yale mara nyingi kichwani, neno kwa neno, nikitafuta mahali palipokosekana kitu. Wakati ule sikuona pengo. Yalikuwa yamejaa kabisa.

Kutoka nyumbani mpaka stoo ni barabara tambarare, tena fupi. Alifika kabla yangu. Nilimkuta ameshafunga kioo cha kushoto kwa waya mpya, maana ule wa zamani ulikuwa umelegea. Tulipakia viti, juu yake turubai, juu yake mabomba ya kusimamishia. Akafunga kamba, akaijaribu kwa kuning'inia. Kisha akaingia ndani, akakanyaga pedali gari likiwa limezimwa, akatoa kichwa dirishani.

"Dada, pedali hii iko chini."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo inataka kuangaliwa. Nikija huku imeshika, lakini sijaipenda. Nikishusha viti nampitia fundi moja kwa moja."

"Mpigie Kaka umuulize."

"Ana homa, mwache alale. Nitakwenda polepole."

Akagusa kioo cha kulia, akagusa kioo cha kushoto, akagusa cha kati. Akaniona namwangalia.

"Cheka tu," akasema. Akaondoka.

Kutoka stoo kwetu barabara inateremka hadi njia panda, na upande mmoja wa njia panda kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo usiporomokee mtaroni. Watu walikuwa wengi siku hiyo, wanaovuka na wanaosubiri kuvuka. Mama anayeuza nyanya pale kwenye kona alikuwa akitazama juu ya mteremko. Alisema alisikia honi kwanza, ndefu, haikatiki. Aliona taa zimewashwa mchana kweupe. Aliona gari linakuja na watu wanakimbia huku na huku, kisha likakata kwa ghafla, likawaacha watu wote, likaingia ukutani.

Hakuna mwingine aliyeguswa hata kidole. Viti vilitawanyika mtaroni. Kwenye redio, alisema yule mama, muziki ulikuwa bado unalia.

Maneno yalianza kabla waliokwenda kuzika hawajarudi. Nilikuwa napita na sinia la vikombe, nikayasikia kwenye viti vyetu.

"Alishuka anapiga honi kama barabara ni ya baba yake."

"Vijana. Ukimpa gari ni kama umempa mabawa."

"Na huyo ndiye anayebeba watoto wetu kila siku. Mungu ametuepusha na mengi."

Honi ndiyo iliyomharibia jina. Alipiga ili watu wapishe, watu wakaona anaharakisha. Askari wa usalama barabarani alipokuja, sehemu ya mbele ya gari ilikuwa imekunjwa kama karatasi, hakuna cha kupimika. Akamuuliza Kaka kuhusu breki.

"Breki zinashika," Kaka alimjibu. "Juzi nimeteremka mteremko ule ule na mzigo mzito kuliko ule."

Hakusema uongo. Alikuwa amekaa kitandani na macho yamevimba, homa bado haijamtoka, na alisema alichokijua. Basi ikaandikwa kuwa ni mwendo kasi. Baba aliposomewa, alitikisa kichwa mara moja, akasema, "Kijana wangu alikuwa na haraka." Baada ya hapo akawa hamtaji tena. Alikuwa kama mtu aliyefunga chumba na kutia ufunguo mfukoni.

Nilimwambia Kaka habari ya pedali.

"Pedali ile iko chini miaka yote, dada. Haina maana yoyote."

"Yeye alisema hajaipenda."

"Angependa nini yule? Hata gari jipya angelikuta na kasoro." Akajifunika uso na kiganja. "Kwa nini hakwenda polepole tu?"

Nilikuwa na neno lake kwamba atakwenda polepole, na neno la mtu aliyekwisha kufa halina uzito mbele ya honi iliyosikiwa na mtaa mzima.

Aliyelipata hilo kwa ukali zaidi ni wifi yangu, mke wa mdogo wetu. Wifi ni mpishi pale pale shuleni alikokuwa akiendesha basi. Asubuhi alilazimika kupita getini, katikati ya wazazi wanaoshusha watoto. Zamani walimwita mke wa Vioo, wakamtania, wakampa na lifti. Sasa walimpa pole ya haraka haraka na kutazama pembeni. Mzazi mmoja alimuuliza kama ni kweli mumewe alikuwa akikimbia na basi pia, maana mtoto wake amesema basi lilikuwa likienda kwa raha sana.

"Kwa raha," wifi aliniambia, huku akikung'uta turubai uani kwangu. Alikuwa ameanza kuja stoo baada ya kazi, bila mimi kumwomba. "Mtoto amesema kwa raha, mama yake akasikia mbio. Wifi, wewe ndiye uliyemwona mwisho. Alikuwa na haraka?"

"Alisema atakwenda polepole."

"Najua alisema. Alisema kila siku. Mimi nauliza kama alikwenda."

"Sijui, wifi."

Alikunja turubai kona kwa kona, akaliweka juu ya mengine, akaketi juu yake. Hakulia. Alikuwa anatazama ukuta wa stoo kama mtu anayesoma.

Siku zilipita hivyo. Kaka alipona homa lakini hakushika usukani. Viti tulivipeleka kwa gari la kukodi, na maturubai yaliyochanika tukayapeleka kwa mshonaji.

Mshonaji wetu ni mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye mdomo usiopumzika na kigari kidogo cheupe anachokipenda kama mboni ya jicho. Siku maturubai yalipokuwa tayari alikuja nayo mwenyewe hadi karibu na kwetu, akatukuta barabarani tunakwenda kwake. Akasimama.

"Nyie mnakwenda wapi na mimi nimeshakuja? Ingieni. Lakini, Bwana Kaka, shika wewe usukani. Hili bunda limenifunika, sioni nyuma, na mimi kurudi kinyumenyume hata bila bunda ni mtihani."

Kaka akasita.

"Mama, mimi siku hizi siendeshi."

"Siendeshi ndiyo lugha gani? Kutoka hapa mpaka stoo mtoto wa chekechea anaendesha. Shika."

Akahamia nyuma, akakumbatia bunda la turubai. Mimi nikaketi mbele. Kaka akakaa, akavua ndala kama alivyozoea, akawasha gari. Tulikwenda taratibu. Tukafika kwenye tuta la kwanza. Mguu wake wa kulia ukakanyaga breki, haraka sana, mara mbili: tup, halafu tup.

Gari likasimama kama limegonga mti. Mimi paji la uso likagusa kioo, mshonaji akaja na bunda lake mpaka kwenye mabega yetu.

"Bwana we," akasema, "unasimamisha gari au unaua mende?"

"Samahani, mama."

Tukaendelea. Kwenye kona karibu na gereji, tena: tup, tup. Vichwa vyetu vikaenda mbele vikarudi.

"Sasa mende ameshakufa, mwache," alisema mshonaji. "Kigari changu kimekukosea nini? Breki yangu gusa mara moja, hata kwa kidole gumba, inasimama. Ya nini kuipiga teke mara mbili?"

"Mara moja?" Kaka akauliza.

"Kwani wewe hukanyaga mara ngapi?"

Kaka alisogeza gari pembeni, akalisimamisha, na alipolisimamisha mguu ulikwenda tena mara mbili. Akautazama. Aliutazama mguu wake mwenyewe kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha, gari likiwa limesimama, akaweka unyayo juu ya pedali, akakanyaga pole pole, mara moja, akashikilia.

"Imeshika," alisema.

"Sasa ulitaka ifanyeje?" Mshonaji alikuwa bado anacheka.

"Yangu ya kwanza ilikuwa haishiki." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Ya kwanza inazama. Ya pili ndiyo inashika. Siku zote ni ya pili."

Hapo ndipo na mimi nilipokumbuka. Miaka yote niliyokaa pembeni yake niliuona mguu ule ukienda mara mbili, na kwa kuwa sijui kuendesha, nilidhani magari yote hukanyagwa hivyo.

"Nilimwambia mlango," Kaka alisema. "Nilimwambia geji. Nilimwambia mpaka dirisha, dada, ulikuwepo. Hili sikumwambia. Sikulificha. Halikunijia. Si mimi niliyelijua, ni mguu."

Mshonaji aliacha kucheka. Mama yule ambaye hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni alinyamaza, akaendelea kukumbatia turubai lake.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mdogo wangu alikuwa ameteremka polepole kama alivyosema. Alipokaribia watu alikanyaga breki mara moja, kwa nguvu, akashikilia, kama afanyavyo dereva yeyote aliyefundishwa kwenye gari zima. Pedali ikazama hadi chini, na mzigo ukaanza kumsukuma. Yeye akashikilia kwa nguvu zaidi. Ilikuwa inatakiwa kuachia na kukanyaga tena, na hakuna aliyemwambia. Basi akatumia alivyobaki navyo. Aliwasha taa, akapiga honi, akatazama wapi hapana mtu.

Tungeweza kunyamaza. Tulikuwa watatu tu tuliojua, na mshonaji aliposhuka alituambia, "Mimi kazi yangu ni kushona. Kufumua si kwangu." Kaka alikaa siku kadhaa bila kula vizuri. Alikuja stoo, akapanga viti vilivyokwisha pangwa. Kisha siku moja, wifi akiwa uani anasugua turubai kwa brashi, Kaka akanishika mkono.

"Twende wote. Nikisimama njiani nisukume."

Akamsimulia wifi yote, amesimama, mikono nyuma. Wifi hakuacha kusugua mpaka masimulizi yalipofika kwenye tuta la kwanza. Hapo akaiweka brashi chini.

"Ulimwambia mlango, shemeji?"

"Nilimwambia."

"Na geji?"

"Nilimwambia."

"Gia?"

"Nilimwambia na gia."

"Na redio ukamwambia."

"Redio aliniuliza mwenyewe."

Midomo ya wifi ilitikisika kidogo. "Ndiyo. Angeuliza redio." Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye turubai kuja miguuni kwetu, hakuna aliyesogea. "Kwa hiyo alikanyaga mara moja."

"Mara moja, akashikilia."

"Akapiga honi."

"Akapiga honi."

"Akaona ukuta."

"Ndiyo, shemeji. Aliuona."

Wifi aliokota brashi, akaikung'uta maji.

"Mimi sina la kukuambia," alisema mwishowe. "Nikilitafuta sasa hivi nitaokota baya. Lakini mimi nilikuwa najua hakwenda mbio. Mimi si wa kuambiwa. Wale wa getini hawajui. Nenda kawaambie wao."

Kwa Baba tulianza jioni hiyo hiyo. Baba alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake, na Kaka alipomaliza, Baba akageuka kutazama ukutani, nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Kisha akamtaja mdogo wetu kwa jina, lile la kuzaliwa, ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Akalitaja tena. Kaka alipiga magoti, Baba akaweka mkono juu ya kichwa chake, lakini mkono haukukaa sana.

Asubuhi iliyofuata tulisimama getini shuleni. Wifi alipita ndani kwenda jikoni kwake bila kututazama, ila hakwenda mbali. Nilimwona amesimama nyuma ya dirisha. Wazazi walikuwa wanashusha watoto. Kaka si msemaji. Alisimama karibu na basi, akasema salamu alaykum, hamjambo, naomba mnisikilize kidogo. Wengine wakasimama, wengine wakatazama saa.

"Mimi ni kaka yake yule aliyekuwa akiendesha basi hili. Mlisema alikwenda mbio. Nimekuja kuwaambia hakwenda mbio. Gari lilikuwa langu na breki zake zilikuwa mbovu. Mimi nilikuwa nimezizoea, nikakanyaga mara mbili, likasimama, nikaona nina gari zima. Nilimpa bila kumwambia. Yeye aliwakwepa watu akaingia ukutani. Kama kuna dereva wa kuogopwa, ni mimi."

Baba mmoja mwenye mkoba alimuuliza, "Sasa mbona hukumwambia askari?"

"Nilikuwa sijajua."

"Gari lako mwenyewe ulikuwa hulijui?"

"Nililijua sana. Ndiyo maana."

Yule baba akatikisa kichwa, akaondoka na mwanawe. Mlinzi wa geti alivua kofia. Mama mmoja, nadhani ni yule wa mbio na raha, alikuja karibu, akamshika mwanawe begani. Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikauliza, "Na hili basi, breki zake zimeangaliwa lini?" Watu wote wakageuka kumtazama dereva mpya. Dereva mpya akatazama viatu vyake. Mchana wa siku hiyo basi lilionekana kwenye gereji ya kona, limeinuliwa kwa jeki, na fundi yuko chini yake.

Siwezi kusema maneno yote mabaya yalifutika. Mengine yalikuwa yamekwisha kwenda mbali na watu waliohama. Lakini wifi alipita getini asubuhi na watu wakamwita tena mke wa Vioo, na mara ya kwanza kuitwa hivyo alirudi stoo kwangu akaketi juu ya turubai lake, akalia mpaka akachoka.

Sasa tuna pikapu nyingine. Si mpya, ila Jumanne gari halitoki. Jumanne linalala kwa fundi, hata iwe harusi ya nani. Viti vipya tulivyonunua badala ya vile vilivyovunjika, wifi ndiye aliyevipiga nukta nyekundu. Zake ni kubwa kidogo kuliko za mumewe. Na Kaka ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha, kwa sababu yeye amekataa kushika usukani tena. Alinifundisha kwanza kuzunguka gari, kuinama, kukanyaga pedali kabla ya kuwasha, kisha kugusa vioo vyote vitatu. Nilipomwuliza kama kuna haja ya kugusa vioo nilivyovigusa dakika ile, alinitazama tu mpaka nikavigusa.

Yeye hukaa kiti cha pembeni, kilichokuwa changu. Tukitoka stoo tumepakia, tukianza kuteremka kuelekea njia panda, huacha kuzungumza. Yule mama wa nyanya hutupungia mkono. Hapo nasikia mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu ya gari, pale ambapo hakuna pedali: tup, halafu tup. Husema samahani, kila safari.

Mimi nakanyaga mara moja. Gari linasimama, watu wanavuka.